Kupoza moshi wa injini ya boti kwa hewa ya nje: mwongozo kamili kwa fundi na nahodha wa Lamu

Mashua na majahazi mengi ya huku Lamu yaliyofungwa injini ya dizeli ya ndani hutoa moshi mkavu, yaani usiopozwa kwa maji. Bomba hutoka kwenye injini, hupenya sitaha, husimama tezini karibu na anayeshika usukani, na injini inapobeba mzigo bomba hilo humwaga moshi wenye joto la digrii 400 hadi 500 za Selsiasi. Hilo ni joto la kuyeyusha kamba za plastiki tunazofungia turubai (polipropilini huyeyuka karibu na digrii 165), kukausha kalfati mpaka mbao ziachane, na kumbabua mtoto aliyeshika bomba boti ilipoyumba.

Hapa naeleza njia moja ya kuupoza: kuuacha moshi wenyewe uvute hewa ya nje, uchanganyike nayo ndani ya bomba pana, kisha utoke ukiwa na joto la karibu nusu ya lile la mwanzo. Hakuna feni, hakuna pampu, hakuna umeme. Kinachotakiwa ni paipu mbili zilizopangwa sawasawa na subira ya kupima. Nauandika mwongozo huu kwa sababu mabomba mengi yaliyovishwa paipu pana juu yake hayavuti hewa hata kidogo. Aliyeyatengeneza aliiga umbo, lakini hakujua ni kipi katika umbo hilo kinachofanya kazi.

Ilikotoka mbinu hii

Manowari zinazoendeshwa kwa tabini za gesi hutoa moshi wa zaidi ya digrii 500, na makombora yanayofuata joto huweza kuuona moshi huo pamoja na chuma cha dohani kutoka mbali. Ndiyo maana dohani zao hufungwa midomo inayorusha moshi ndani ya bomba pana ili uvute hewa baridi. Juu ya bomba hilo hupangwa pete zilizopishana, kila moja pana kuliko iliyo chini yake, ili hewa ya nje ipenye kati ya pete na kuutandika ukuta kwa ndani. Kwa hiyo hupozwa vitu viwili kwa pamoja, moshi na chuma. Kwa boti ya Lamu, ambako watu hukaa hatua mbili tu kutoka kwenye bomba, kupoza chuma ndiyo faida kubwa zaidi.

Meli za makontena zinazofunga gati kwenye Bandari ya Lamu, iliyopokea meli ya kwanza Mei 2021, zina shida tofauti. Injini zao za mwendo wa polepole hutoa moshi wa karibu digrii 250 baada ya kupita kwenye tabo (turbocharger), na mara nyingi moshi huo hupitishwa kwenye boila ili joto lake litumike. Ukiziona dohani zao, usiige vipimo vyake.

Hewa au maji?

Boti nyingi za starehe hupoza moshi kwa kumwagia maji ya bahari ndani ya ekzosi, yaani bomba la moshi. Njia hiyo hupoza vizuri sana, na kama boti yako ni ya faibaglasi yenye kibanda cha kulala, ningekushauri uibakishe. Resini ya faibaglasi hulegea kwa joto dogo kuliko watu wanavyodhani, na bomba kavu kupita karibu na malazi si jambo la kulichukulia kirahisi.

Lakini fikiria mashua ya mbao inayopita mkondo wa bahari wa Mkanda maji yakiwa machache, matope ya mikokoni yakipanda kwenye pampu. Au mashua inayopwelewa kila siku ufukweni, na fundi anataka kuwasha injini kabla maji hayajajaa. Ekzosi ya maji isipopata maji, mpira wake huungua kwa dakika chache. Bomba likikosewa mwinuko, maji ya chumvi hurudi mpaka ndani ya silinda, na hapo injini imekwisha. Kwa mashua ya kazi, ekzosi kavu iliyopozwa kwa hewa ina vitu vichache vya kuharibika, na kila kimoja unakiona kwa macho.

Jinsi moshi unavyovuta hewa

Maji yakitoka kwa kasi Mkanda, yale maji yaliyotulia kando ya mikoko hayabaki palepale. Mkondo huyaburura yakaenda nao. Moshi unaotoka kwenye mdomo mwembamba hufanya hivyohivyo kwa hewa inayouzunguka. Ukiuzungushia bomba pana, hewa iliyoburutwa hulazimika kujazwa na nyingine kutoka nyuma, kwa hiyo hewa mpya huingia mfululizo kupitia nafasi iliyo kati ya mabomba mawili.

Nguvu yote inatokana na mwendo wa moshi. Humo ndimo mna mtihani wa kazi hii. Mdomo ukiwa mpana mno, moshi hutoka kivivu na hauvuti. Ukiwa mwembamba mno, moshi huenda kasi lakini injini hubanwa. Mafundi huita kubanwa huko presha ya nyuma: injini inasukuma moshi wake kwa shida, inapoteza nguvu, inatoa moshi mweusi, valvu zinapata moto kupita kiasi, na mafuta yanaliwa zaidi. Kipenyo cha mdomo kikipunguzwa kwa nusu, presha inayotumika kuutoa moshi hupanda mara 16. Kwa hiyo usichomelee chochote kabla ya kupiga hesabu.

Hesabu kabla ya kushika grainda

Chukua injini ya lita 2.0, stroki nne, isiyo na tabo, ikizunguka mara 2,400 kwa dakika. Injini ya stroki nne hujaza silinda mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo 2.0 × 1,200 ni lita 2,400 kwa dakika. Silinda hazijai kabisa, basi zidisha kwa 0.85 upate lita 2,040 kwa dakika, sawa na lita 34 kwa sekunde. Hewa ya digrii 30 ina uzito wa karibu kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo. Injini basi inavuta karibu gramu 40 za hewa kwa sekunde. Ongeza gramu moja au mbili za dizeli inayoungua, na moshi unaotoka ni kama gramu 41 kwa sekunde.

Moshi huo ukiwa na joto la digrii 450 umetanuka, na kila mita ya ujazo ina uzito wa kilo 0.49 tu. Gramu 41 huchukua nafasi ya lita 84 kwa sekunde. Ukitoka kwenye paipu ya inchi mbili, ambayo ndani ina kipenyo cha karibu milimita 52, unakwenda kasi ya karibu mita 40 kwa sekunde. Presha ya kuupa moshi kasi hiyo ni sawa na milimita 40 hivi za maji. Ni kidogo, na injini haitaisikia. Sasa jaribu mdomo wa milimita 26, nusu ya huo. Hapo zinahitajika zaidi ya milimita 600 za maji, yaani takribani kilopaskali 6, na bado hujahesabu kona na silensa. Fungua kitabu cha injini yako uone kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Huandikwa kwa kilopaskali au kwa milimita za maji, na kilopaskali moja ni karibu milimita 102 za maji.

Kanuni ninayoitegemea ni hii: eneo la ndani la bomba pana liwe mara nne ya eneo la mdomo, yaani kipenyo mara mbili. Paipu ya inchi mbili inayomwagia ndani ya paipu ya inchi nne inakaribia sana uwiano huo, na zote mbili zinapatikana madukani bila kuagiza. Kwa uwiano huo, hesabu isiyotia msuguano inasema moshi unaweza kuvuta hewa yenye uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya uzito wake. Kazini, penye msuguano na uchomeleaji wa mkono, tegemea uzito wa hewa ulingane na wa moshi, au upungue kidogo.

Joto la mchanganyiko ni wastani wa joto la moshi na la hewa, kila kimoja kwa uzito wake. Moshi wa digrii 450 ukipata hewa ya digrii 30 yenye nusu ya uzito wake, hutoka na digrii 310. Sawa kwa sawa, 240. Mara moja na nusu, karibu 200. Mara mbili, 170. Angalia jinsi faida inavyopungua: ile hewa ya kwanza ndiyo iliyoteremsha joto sana, na kila inayoongezwa baadaye huteremsha kwa kiasi kinachozidi kupungua. Ukifika 240 umefanya kazi nzuri. Kuhangaika ufike 170 mara nyingi humaanisha kubana mdomo, na hilo silipendi kwenye injini isiyo na nguvu ya ziada.

Vifaa

Paipu ya ndani iwe ya chuma cheusi chenye ukuta wa milimita 3 au zaidi, au stenlesi ya daraja la 316 kama mfuko unaruhusu. Usitumie paipu ya mabati. Zinki huyeyuka karibu na digrii 420, na mvuke wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa na kifua. Paipu ya nje ningeitafuta ya stenlesi kabisa, kwa sababu ndiyo inayopigwa na chumvi na mvua. Alumini isikaribie mdomo wa moshi.

Utahitaji pia kiungo cha kunyumbulika cha chuma kati ya injini na bomba, bamba la milimita 3 la kukatia mapezi ya kuweka paipu ndogo katikati ya ile pana, wavu wa stenlesi wa matundu ya milimita 10 hivi, bolti za stenlesi, na kitambaa cha nyuzi za glasi au sufi ya seramiki cha kuvisha bomba la chini ya sitaha. Ukikuta mtu anauza kamba au vitambaa vya zamani vya asbesto, viache. Vumbi lake huua kwa saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Meli za kimataifa hutakiwa na SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, kuvisha kila chuma chenye joto la zaidi ya digrii 220 kinachoweza kurukiwa na mafuta. Mashua yako huenda isiguswe na mkataba huo, lakini paipu ya dizeli ikipasuka juu ya bomba tupu, moto wake ni uleule.

Kutengeneza

Anza na silensa. Ikae kabla ya mdomo, wala isiwekwe juu ya bomba pana, kwa kuwa kitu chochote kinachozuia njia baada ya moshi kuchanganyika na hewa huua mvuto. Kona zote pia zimalizikie chini. Kuanzia mdomo hadi juu, njia iwe imenyooka.

Kata mdomo wa paipu ya inchi mbili kwa pembe mraba kabisa, uondoe vinyweleo vya chuma kwa faili, ndani na nje. Sehemu ya mwisho ya paipu hii, walau sentimita 30, iwe imenyooka ili moshi ufike mdomoni bila kujipinda. Moshi uliotoka kwenye kona moja kwa moja huegemea upande mmoja, hulamba ukuta wa bomba pana upande huo, na upande wa pili hewa hukaa bure.

Bomba pana liwe na urefu wa mara sita hadi nane ya kipenyo chake. Kwa inchi nne, hiyo ni sentimita 60 hadi 80. Likiwa fupi, moshi hutoka katikati ukiwa bado moto huku hewa ikipita pembeni bila kuchanganyika. Mkono pembeni utakudanganya kwamba umefanikiwa, na turubai lililo juu litakuambia ukweli. Likiwa refu sana, msuguano unakula mvuto.

Mdomo wa chini wa bomba pana uchanue kwa nje kama tarumbeta. Ukingo mkali uliokatwa kwa msumeno huifanya hewa ijikunje na kujizuia yenyewe mlangoni. Si lazima uwe na mashine: kata vipande vya bamba, vikunje kwa nyundo juu ya paipu yenye unene wa inchi moja, vichomelee kuzunguka, kisha usugue kwa grainda mpaka kidole kikipita kisikwaruzike. Hii ni kazi ya asubuhi nzima, na kila dakika yake inalipa.

Sasa panga mdomo mwembamba chini ya ule mpana. Mwisho wa paipu ndogo ukae palepale tarumbeta inapoanza kuwa bomba, au chini yake kwa sentimita 3 hadi 5. Usiuzamishe ndani sana, kwani unajipunguzia urefu wa kuchanganyikia na unaibana hewa kati ya kuta mbili.

Kitu kinachoamua kama bomba litavuta au halitavuta ni kuwa katikati. Nafasi kati ya paipu mbili lazima iwe sawa pande zote. Kata mapezi manne ya bamba, upana wake ulingane na nafasi hiyo, uyasimamishe kwa ukingo wake mwembamba ili yaelekee hewa inakokwenda. Yachomelee kwenye paipu ya ndani tu. Kwa nje yaguse na kuteleza. Chuma hutanuka: paipu ya mita moja na nusu ikitoka digrii 30 kwenda 450 huongezeka karibu milimita 8, na stenlesi kama milimita 10. Ukichomelea pande zote mbili, paipu ya ndani itakuwa moto na ya nje vuguvugu, moja inarefuka na nyingine haitaki, na mshono utapasuka. Bomba pana lishikwe na miguu yake yenyewe iliyofungwa kwenye sitaha, lisiegemee bomba la ndani. Kiungo cha kunyumbulika kilicho karibu na injini ndicho kipokee mtikisiko na kutanuka.

Pale bomba linapopenya sitaha, kata tundu kubwa. Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya chuma na mbao pande zote, uzibe kwa bamba lenye ukingo ulioinuka ili maji yasiingie, na bomba lenyewe livae kitambaa. Mbao inayokaangwa polepole kwa miezi hushika moto kwa joto la chini kuliko mbao mpya, na mbao zetu zimekunywa sifa (mafuta ya samaki) na mafuta ya kalfati kwa miaka. Usitegemee kwamba mbao haikuwaka mwaka jana.

Mwisho, toboa tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya bomba la ndani, kabla halijaanza kushuka kuelekea injini, na uliongoze nje kwa paipu nyembamba ya shaba. Mvua za masika zitaingia, hilo halikwepeki. Kifuniko cha kupigapiga kinachowekwa juu ya bomba la trekta hakifai hapa, kinauzuia mvuto. Boti ikilala, funika kwa kopo.

Hewa itoke wapi

Hapa mafundi hugawanyika, na wote wana hoja. Wapo wanaoweka mdomo juu ya sitaha, mahali peupe, hewa ikaingia kutoka nje. Wapo wanaouweka ndani ya sanduku la injini, ili bomba livute hewa moto ya sanduku na kuitoa. Njia ya pili inavutia sana: sanduku linapoa, injini inapumua hewa yenye joto la chini, na harufu ya dizeli inapungua.

Mimi naipenda ya kwanza kwa boti yoyote inayobeba abiria. Bomba pana likizibika juu, kwa kiota cha kunguru au turubai lililoanguka, moshi haujali mchoro wako. Utarudi kupitia ile nafasi ya hewa. Kama nafasi iko juu ya sitaha, utauona na kuunusa. Kama iko ndani ya sanduku linalopakana na mahali watu wanalala, kaboni monoksidi itawafikia bila rangi wala harufu yake yenyewe. Kupoza moshi hakupunguzi hata gramu moja ya sumu iliyomo, kunaitawanya tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi uliopoa ni rahisi kuuvumilia, na hiyo yenyewe ni hatari.

Ukiamua kuvuta kutoka sanduku la injini, kwenye boti isiyo na chumba cha kulala, basi lipe sanduku mlango wa hewa wa kutosha. Kwa injini ya mfano wetu, injini inataka lita 34 kwa sekunde na bomba linataka nyingine karibu 35. Jumla ni kama lita 70. Ili hewa iingie bila kukimbia zaidi ya mita 3 kwa sekunde unahitaji tundu la sentimita 15 kwa 15. Toboa 20 kwa 20, kwa sababu wavu nao hula nafasi. Tundu likiwa dogo, bomba na injini vitagombania hewa, na bomba linaweza kuinyima injini.

Kwa njia zote mbili, zungusha wavu kwenye nafasi ya hewa, mbali kidogo na tarumbeta, na matundu yake yote kwa jumla yawe walau mara mbili ya eneo la nafasi. Kwa inchi mbili ndani ya nne, nafasi ni karibu sentimita za mraba 50, basi wavu uwe na uwazi wa 100 au zaidi.

Kuna jambo moja la upepo ambalo watu wa Lamu lazima walifikirie. Moshi moto hupaa haraka; ukiupoza, hupaa polepole zaidi. Wakati wa kusi, mashua inayotoka mjini kwenda Faza au Kizingitini hupata upepo wa nyuma, na boti ikikaribia kwenda sawa na upepo, moshi hautawanyiki, unaning'inia juu ya tezi. Kwa hiyo bomba lililopozwa linahitaji kuwa refu kuliko lile kavu la zamani, si fupi. Mdomo wake wa juu uwe juu ya kichwa cha mtu aliyesimama kwa nusu mita au zaidi, na juu ya turubai. Kwa vipimo vyetu mchanganyiko hutoka kwa kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde, kasi inayotosha kuuinua kabla upepo haujaushika. Usikate kona ya mwisho kuuelekeza nyuma; kama unataka kuelekeza, inamisha bomba lote, mdomo mdogo na mkubwa pamoja, kwa digrii 10 au 15.

Kupima

Usiamini macho wala mkono. Kwanza chukua vipimo vya bomba la zamani kabla hujaligusa, boti ikiwa safarini na mzigo wa kawaida, injini ikiwa imekwisha pata moto. Vipimo vya boti iliyofungwa gatini bila mzigo havina maana, kwa sababu moshi wa injini isiyobeba ni baridi kiasi.

Presha ya nyuma unaweza kuipima kwa mpira wa plastiki unaoonyesha maji yaliyo ndani yake. Toboa tundu dogo kwenye bomba, sehemu iliyonyooka kabla ya silensa, uchomelee nati, ufunge paipu nyembamba ya shaba ya mita moja ili joto lipungue njiani. Unganisha mpira, ukunje umbo la U, utie maji yenye rangi hadi katikati. Injini ikifanya kazi, upande mmoja hushuka na mwingine hupanda. Tofauti ya urefu wa maji kwa milimita ndiyo presha yako. Tayarisha mpira mrefu, maana bomba lililozibwa na masizi huweza kuyarusha maji yote. Pima kabla na baada. Kama bomba jipya limeongeza zaidi ya milimita 100, rudi kwenye mdomo uupanue.

Mvuto unaonekana kwa kijiti cha udi. Kiwashe, kizime moto wake kibaki kinafuka, kisha kizungushe taratibu kwenye ukingo wa tarumbeta, injini ikiwa kwenye mwendo wa safari. Ule uzi mweupe wa moshi wa udi unatakiwa ujipinde na kuingia ndani, pande zote, bila kusita. Upande mmoja ukiingia na mwingine ukicheza au ukisukumwa nje, bomba haliko katikati. Legeza miguu, sogeza milimita mbili tatu, jaribu tena. Fanya jaribio hilo pia injini ikienda polepole, na upepo ukitoka pande tofauti.

Joto la moshi lipime kwa waya wa kupimia joto wa aina ya K, ncha yake ikiwa katikati ya mdomo wa juu, kisha uisogeze kuelekea ukingo. Katikati 300 na ukingoni 120 maana yake mchanganyiko haujakamilika, ongeza urefu. Kile kipimajoto cha kulenga kama bastola husoma uso wa chuma tu, hakisomi moshi, tena kwenye stenlesi inayong'aa husoma chini ya ukweli kwa kiasi kikubwa. Paka doa la rangi nyeusi ya kuhimili joto, ulenge doa hilo.

Chuma cha nje kikiwa bado moto kukigusa, na huenda kikawa hivyo sehemu ya juu, ongeza pete moja kama zile za manowari: kipande cha paipu ya inchi tano, urefu wa sentimita 15, kikipishana na mdomo wa juu kwa sentimita 3. Hewa itaingia katikati na kuutandika ukuta wa pete. Kwa abiria, lakini, kinga ya uhakika ni wavu au vyuma vya kuzuia mkono, umbali wa sentimita 8 hivi kutoka kwenye bomba. Nisingeruhusu mashua ya watoto wa shule kuondoka bila hivyo, hata kama bomba lina mvuto mzuri kiasi gani.

Ukimaliza, mwonyeshe mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya kazi hiyo pamoja na namba zako za kabla na baada.

Matunzo

Injini ikienda polepole kwa muda mrefu, kama vile wakati wa kuvua, moshi ni baridi na ukichanganyika na hewa hushuka chini ya digrii 100. Mvuke wa maji hutulia kwenye ukuta, masizi hunata, na tope jeusi hujengeka kuzunguka mdomo na kwenye mapezi. Ndiyo maana baada ya siku ya mwendo wa polepole ni vizuri kumalizia kwa robo saa ya mzigo kamili, ili bomba likauke.

Kila mashua inapopandishwa kukwanguliwa na kupakwa deheni, toa wavu, piga brashi ya waya kwenye nafasi ya hewa, zibua tundu la maji kwa waya, na uangalie mshono wa kila pezi. Gusa kiungo cha kunyumbulika uone kama kina ufa. Masizi meusi nje yake ni dalili kwamba moshi unavuja ndani ya sanduku. Rudia jaribio la udi, kisha lile la maji. Presha ikiwa imepanda kuliko ile uliyoandika mwanzo, safisha silensa kwanza kabla hujalaumu mdomo.